Sauti ya Babu na Spika za Tarumbeta

Mwaka jana tulifanya kumbukumbu ya babu kijijini kwetu, wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga. Babu alikuwa manju. Alifariki mwaka 2003, na kitu pekee chenye sauti yake ni kaseti moja ambayo baba mdogo aliirekodi mwaka 1994 kwa redio kaseti yake, uwanjani, baada ya mavuno ya pamba. Mimi ndiye mwandishi wa habari wa ukoo, kwa hiyo nilipewa kazi ya kuhakikisha watu wanamsikia mzee siku hiyo. Nikaipeleka kaseti kwa kijana mmoja wa studio mjini, akaihamishia kwenye flashi kwa shilingi elfu kumi, nami nikaja nayo nikitembea kifua mbele.

Mshereheshaji akachomeka flashi. Spika zilikuwa mbili, zile za tarumbeta zinazofungwa juu ya gari la matangazo. Sauti ikatoka. Jamani! Ilikuwa kama mtu anaburuza sufuria kwenye sakafu ya saruji. Watoto wakaziba masikio. Binamu yangu aliyekulia Dar akacheka, akasema, "Kumbe babu alikuwa anapiga kelele tu." Shangazi, binti mkubwa wa marehemu, akasikiliza kidogo, akainuka, akaenda jikoni. Nilipomfuata alikuwa anapepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

"Shangazi, vipi?"

"Huyo si baba," akasema. "Baba alikuwa na sauti kali, lakini hakuwa anaumiza mtu."

Sentensi hiyo imenikaa kichwani tangu siku ile. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili hapa. Kisu ni kikali, na jua ni kali. Vijana nao wakiupenda wimbo wanasema "ngoma kali". Shangazi alikuwa anatenganisha ukali mmoja na mwingine: ule wa baba yake na ule uliotoka kwenye spika. Nikaanza kujiuliza huu wa pili uliingia wapi, na swali hilo likanipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, hadi kwenye kosa langu mwenyewe.

Tuanze na sikio. Sauti ni mtikisiko, na kasi ya mtikisiko tunaihesabu kwa hezi. Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20 hadi karibu 20,000, lakini si zote kwa usawa. Mwaka 1933 Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya takriban hezi 2,000 na 5,000. Humo ndimo kinamokaa kilio cha mtoto mchanga. Ukiongeza nguvu kidogo tu katika eneo hilo, msikilizaji anashtuka. Ukizidisha, anaziba masikio.

Mwimbaji anayetaka kusikika mbali bila kifaa anajua hili hata kama hajawahi kusikia neno hezi. Waimbaji wa opera wa Ulaya hufunzwa kukusanya nguvu ya sauti karibu na hezi 3,000, na mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba hiyo ndiyo siri ya mtu mmoja kusikika juu ya okestra nzima. Kwao jambo hilo linaitwa ufundi.

Sasa njoo Usukumani. Ngoma zetu za mashindano zina pande mbili, Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno vikundi viwili hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Fikiria maana yake kwa koo la manju. Huimbi katika ukimya. Upande wa pili kuna manju mwingine ana ngoma zake na wafuasi wake, na watazamaji wanahama kama ng'ombe waliosikia maji. Sauti nyororo inamezwa na vumbi. Nilipoifungua baadaye sauti ya babu kwenye kompyuta, kwa programu inayoonyesha nguvu ya kila hezi, mlima mrefu kuliko yote ulikuwa kati ya 2,500 na 3,500. Mzee hakusoma kitabu chochote, lakini alikuwa ameshafika mahali pale pale walipofika wale wa opera.

Ila alikuwa anaimbia watu waliosimama hatua ishirini, thelathini, hamsini. Umbali ni sehemu ya wimbo. Kila ukiongeza hatua mara mbili nguvu ya sauti inashuka, na miili ya watu pamoja na nyasi hula kidogo zile hezi za juu. Sauti inayochoma ukiwa puani kwa mwimbaji inafika kwa msikilizaji ikiwa imeiva. Kinasa sauti hakijui hili. Ukikiweka nusu hatua kutoka mdomoni, kinachukua kile ambacho hakuna mtu uwanjani aliyewahi kukisikia.

Tatizo la mashine na sauti zetu ni la zamani. Siti binti Saad alisafiri na wenzake kutoka Zanzibar hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya HMV. Alikuwa na bahati ya wakati. Hadi mwaka 1925 kurekodi kulimaanisha kuimba ndani ya tarumbeta kubwa la bati, na nguvu ya pumzi yako ndiyo iliyosukuma sindano ichore santuri. Ilikuwa lazima upaze sauti. Maikrofoni na umeme vilipoingia studio, Siti aliweza kuimba kama anavyoimba barazani. Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake, ameisifu sana sauti yake. Lakini ukimsikiliza leo mtandaoni unasikia mkwaruzo, na kijana asiyejua atasema taarabu ya zamani ilikuwa kali masikioni.

Mkwaruzo ule mwingi si wa Siti. Santuri za wakati huo zilichezwa kwa sindano ya chuma, nzito, na watengenezaji walishauri ibadilishwe baada ya kila upande mmoja. Nani alibadilisha? Sindano iliyochakaa inachimba mfereji wa santuri, na kinachochimbwa kwanza ni zile alama ndogo ndogo za hezi za juu. Kwa hiyo santuri iliyopendwa sana ndiyo inayokwaruza zaidi. Siti tunayemsikia amechakazwa na wapenzi wake.

Alifariki mwaka 1950. Mwaka huo huo Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika, alikuwa akizunguka Tanganyika na mitambo yake akirekodi ngoma za makabila mengi, zikiwemo za Wasukuma na Wanyamwezi. Baadhi ya kazi hizo zimetolewa tena kwenye CD na kampuni ya SWP ya Uholanzi, na kumbukumbu zake ziko katika maktaba ya muziki aliyoianzisha, ILAM, ambayo sasa iko Makhanda, mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown. Nilipozisikiliza kwa mara ya kwanza nilishangaa. Waimbaji wanapaza sauti kwelikweli, ila hawaumizi. Nilidhani siri ni mashine ghali. Mashine ilikuwa nzuri, ndiyo, ila chaneli ilikuwa moja tu, na umeme ulitoka kwenye jenereta iliyowekwa mbali kwa waya mrefu ili isisikike. Siri nyingine ilikuwa mkono. Tracey alishika maikrofoni mwenyewe na kutembea nayo, akimsogelea mwimbaji, akirudi nyuma, akigeukia waitikiaji. Alikuwa anafanya kazi ya miguu ya mtazamaji. Mtu anaweza kubishana na mengi kuhusu Mzungu wa enzi ya ukoloni anayechagua nyimbo zipi za Waafrika zihifadhiwe, na mimi nabishana nayo. Lakini alijua kwamba umbali ni sehemu ya wimbo.

Mwaka uliofuata, 1951, redio ikaanza Dar es Salaam. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya wazee wetu. Kwa miaka mingi RTD ndiyo ilikuwa studio kubwa ya nchi. Bendi zilipanga foleni pale, na zilizotaka santuri zilivuka kwenda Nairobi. Ukizungumza na wazee wa Shinyanga watakwambia waimbaji wa zamani, wale wa Tabora Jazz na Western Jazz, walikuwa na sauti laini, sio hawa wa siku hizi. Mimi naamini nusu ya maneno yao. Walikuwa waimbaji wazuri. Lakini mzee aliyekuwa Shinyanga aliwasikia kupitia masafa ya kati au mafupi, ambayo kwa kawaida hayabebi hezi nyingi kupita 5,000, kwenye redio ya spika moja ndani ya boksi. Ile "s" inayochoma, pumzi, mlio wa meno, vyote vilikatwa njiani. Ulaini anaoukumbuka ulikuwa nusu wa mwimbaji na nusu wa mnara. Kumbe basi mashine inaweza kumpamba mtu kama inavyoweza kumchafua, na tukishapambiwa tunaita kumbukumbu.

Kisha ikaja kaseti. Philips waliitoa mwaka 1963, na kufikia miaka ya utoto wangu kila nyumba yenye pamba iliyouzwa vizuri ilikuwa na redio kaseti. Ile ya baba mdogo ilikuwa na maikrofoni ndogo ndani ya mwili wake, na kifaa kinachorekebisha nguvu chenyewe: kukiwa kimya kinapandisha, kukiwa na kelele kinashusha. Kwa kurekodi mkutano wa kijiji ni msaada mkubwa. Kwa manju ni balaa. Babu anapovuta pumzi kimya kimya, mashine inapandisha, na vumbi na kikohozi cha watu vinakuja juu. Anapofungua kinywa, mashine bado iko juu, na tepu inajaa kabla haijapata muda wa kushusha.

Kujaa ni nini? Chukua wimbi la sauti kama kilima. Mashine ina dari. Kilima kikizidi dari, kichwa chake kinakatwa kikawa bapa. Ule ubapa, kwa sikio, si ukimya. Unazaa hezi mpya, za juu zaidi, ambazo mwimbaji hakuzitoa. Hapo ndipo sufuria inapoburuzwa. Tepu ya kaseti ina huruma kidogo, inajipinda taratibu kabla ya kukata. Kompyuta haina huruma, inakata kama panga.

Na hapa ndipo nilipomkamata mchawi wa kwanza wa kumbukumbu ya babu. Nilirudi kwa yule kijana wa studio nikamwomba anionyeshe alivyohamisha. Akanionyesha bila kinyongo. Alikuwa ametoa waya kwenye tundu la hedifoni la redio na kuuchomeka kwenye tundu la maiki la laptopu. Tundu la maiki limetengenezwa kwa umeme mdogo mno, wa maiki. Ukilipa umeme wa hedifoni ni kama kumnywesha mtoto uji kwa ndoo. Kila neno la babu lilikuwa limekatwa kichwa. Kisha faili likabanwa kuwa MP3 ndogo, kisha likapelekwa kwenye spika za tarumbeta ambazo kwa umbo lake hazitoi besi, na nguvu zake nyingi ziko palepale sikio linapouma. Sauti iliyokuwa tayari na mlima kwenye hezi 3,000 ikaongezewa milima mitatu juu yake. Simlaumu kijana. Hakuna aliyemfundisha, na shilingi elfu kumi hainunui mtu wa kukaa na kaseti siku nzima.

Nikiwa kwenye msako huo kazi ikanipeleka Geita. Watu huiongelea Geita kama mji wa jana, lakini dhahabu ilichimbwa hapo tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ule wa mkoloni ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Pembeni yake wako wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Mgusu, Rwamagasa, na Wasukuma wengi wameziacha pamba na kufuata maduara. Nyimbo zimewafuata. Ukipita Katoro utakuta vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, na spika mlangoni inapiga Kisukuma kuanzia asubuhi.

Mahali hapa pana kelele ambazo babu hakuzijua. Karasha zinasaga mawe, jenereta zinanguruma, bodaboda hazina eksozi. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akiwekwa penye kelele anapaza sauti bila hata kujijua, na tunajua sasa kwamba nguvu ya sauti hiyo husogea kuelekea hezi za juu. Mwimbaji aliyekomaa karibu na karasha anaimba hivyo hata akiingia chumba kimya. Na chumba hicho, mara nyingi, ni banda la vyumba viwili lenye magodoro ukutani na maikrofoni ya kondensa ya bei nafuu.

Maikrofoni hiyo ina hadithi yake. Mwaka 1960 kampuni ya Neumann ya Ujerumani ilitoa maikrofoni iitwayo U 67. Moyo wake, yaani kile kiwambo kinachopokea sauti, kiliundwa makusudi kipandishe hezi za juu, na saketi iliyo ndani ya mwili wake ikazishusha tena. Kiwambo na saketi ni mume na mke. Miongo kadhaa baadaye viwanda vingi vilinakili kiwambo, kwa sababu kilikuwa maarufu, na vingine vikaacha saketi, kwa sababu ni gharama. Matokeo ni maikrofoni inayopandisha na haishushi. Kwa mwimbaji wa kunong'ona haina neno, inampa mng'ao. Kwa manju aliyekomaa kwenye karasha ni pilipili juu ya kidonda. Prodyuza akisikia inachoma anakimbilia kompyuta: anakata hezi, anabana, anaweka programu ya kunyoosha sauti. Wimbo unatoka laini na hauna mtu ndani. Ndipo tunaandika kwenye magazeti kwamba vijana wa ngoma za asili wamepoteza ladha.

Nimesema "tunaandika", maana mimi nimo. Kabla ya kuandika nilifanya kazi redio moja ya Kanda ya Ziwa. Mwaka 2016 mzee mmoja manju, wa vijiji vya Geita, alileta nyimbo zake kwenye memori kadi. Alirekodiwa na mjukuu wake kwa simu. Simu za aina ile zilihifadhi sauti kama zinavyohifadhi maongezi, bila chochote kupita hezi 3,400 au hapo karibu. Chini hakuna, juu hakuna, imebaki katikati ile ile inayouma. Nilisikiliza dakika moja. Nikamwambia, "Mzee, sauti yako ni kali sana, haifai hewani." Hakubishana. Aliniuliza tu kama kali ni mbaya. Nikajibu kwa haraka, maana taarifa ya habari ilikuwa inakaribia, kwamba wasikilizaji wetu wanapenda vitu laini. Akashukuru, akachukua kofia yake. Nakala niliyokuwa nimeinakili kwenye kompyuta ya ofisi niliifuta jioni ile ile kupunguza nafasi.

Sikumwambia kuhusu simu ya mjukuu. Sikumwambia asogee nyuma hatua nne, au aimbe nje chini ya mwembe badala ya ndani ya chumba cha bati. Tulikuwa na kinasa sauti kizuri kabatini, tungeweza kumrekodi upya kwa nusu saa. Nilichukua kosa la kifaa nikaliweka kooni mwa mtu.

Kaseti ya babu nimeihamisha tena. Niliazima deki nzuri kwa rafiki, nikasafisha kichwa chake kwa spiriti, nikatumia njia ya laini badala ya ile ya maiki, nikaweka kiwango chini ili hata neno kubwa kabisa lisiguse dari. Sikukata hezi yoyote. Kisha nikampelekea shangazi kwenye spika ndogo ya kawaida, nikaiweka upande wa pili wa ua, hatua kama kumi na tano. Alikaa kimya nyimbo mbili nzima. Bado kuna mahali sauti inapasuka, pale tepu yenyewe ilipojaa mwaka 1994, na hapo hakuna wa kurekebisha. Ilipofika hapo shangazi akainua mkono wa kulia juu, kama anayeshika usinga.

"Hapa ndipo alikuwa anainua," akasema. "Huyu ndiye."

Nimeandika kwenye karatasi ya jalada la kaseti kwa kalamu ya wino: redio kaseti ya maikrofoni ya ndani, uwanjani, karibu sana na mwimbaji, sauti inapasuka kwa sababu ya mashine. Natamani kila mwenye kumbukumbu za namna hii angeandika mstari kama huo, ili mjukuu wa kesho ajue ni ukali upi wa mzee na upi wa kifaa.

Yule mzee wa Geita nimemtafuta. Namba aliyoiacha mapokezi haipatikani. Kijijini kwake niliambiwa alihama na familia kufuata mchimbo mpya, hakuna aliyejua ni upi. Nimeuliza Katoro, kibanda kwa kibanda, nikitaja jina lake. Kijana mmoja alitafuta kwenye kompyuta yake dakika kumi nzima, kwa moyo wote, kisha akaniuliza, "Kaka, alikuwa anaimbaje huyo mzee?"

Nikajaribu kukumbuka. Nilichokumbuka ni ile simu tu.